Ngiri wa Klabu Zote

Paukwa!

Pakawa.

Hiyo pakawa gani, kama mmefunga tangu juzi? Watoto nimewasikia. Nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta huko nyuma sijawasikia. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa naona nina watu.

Zamani za kale, zile ambazo hata bibi yangu alisimuliwa tu, wanyama walikuwa na shule yao ya sekondari. Shule ya bweni. Kengele ilikuwepo, uji ulikuwepo, na wadudu kwenye maharage walikuwepo, ila wale wadudu walikuwa wanafunzi wa kidato cha pili. Usicheke, Mkude, bado sijaanza.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Korongo, mwenye miguu mirefu na subira fupi. Mwaka huo akaja Ngiri kuanza kidato cha kwanza. Ngiri msichana. Uso una vinundu, meno yametokeza nje, mkia una kishungi. Aliletwa na mama yake. Mama Ngiri alikuwa ametembea kutoka mbali, vumbi limempanda mpaka masikioni. Pale getini akafungua mzigo wake, akatoa khanga. Doti nzima, nyekundu, vipande viwili havijakatwa, bado inanukia harufu ya dukani.

"Unaiona hii?"

"Naiona, mama." Ngiri akanyoosha pua kuinusa. Aliitaka khanga ile tangu siku ilipoingia nyumbani. Aliiota.

"Leo sikupi," mama akasema. "Siku ya Wazazi nitakuja nayo. Nikikuona umetokea uwanjani na wenzako, mnafanya jambo lenu, nitainuka nije nikutunze mbele ya watu wote. Nitakufunga mabegani mwenyewe."

"Na nisipotokea?"

"Nitarudi nayo nyumbani imekunjwa hivihivi. Haya, mwanangu, kasome."

Ndiyo ilikuwa desturi ya shule ile. Siku ya Wazazi, klabu zinaitwa uwanjani, moja baada ya nyingine. Mzazi akimwona mwanawe yumo, anakwenda kumtunza. Huyu ua, huyu ndizi, huyu khanga. Mtoto asiye na klabu anabaki pembeni anapiga makofi.

Asubuhi, mstarini, Mwalimu Korongo akasema, "Kila mtu achague klabu. Nimesema klabu. Sikusema wavu wa kokoro wa kuzoa klabu."

Darasani Ngiri alikaa dawati moja na Kobe. Kobe akamwambia, "Nataka tuanzishe klabu ya bustani. Kupanda najua mimi. Kuchimba siwezi, miguu yangu unaiona. Wewe una meno hayo."

"Tena ya kuchimbia," Ngiri akasema. "Tutapanda nini?"

"Maboga."

"Nipo."

Wakaenda nyuma ya jiko. Ngiri akachimba. Kipindi hicho ngiri walikuwa wanachimba wamesimama wima, na ngiri shingo anayo kwa jina tu, basi ilimuuma. Kobe akawa anamweleza namna ya kupanda. Lakini mdomo wa Kobe uko chini kwenye majani, na masikio ya Ngiri yako juu. Ngiri hasikii. Anaitikia tu, "Ehee. Ehee." Mnawajua watu wa ehee.

Tuta la pili halijaisha, mara upande wa bwawani: kro, kro, kroooo.

"Nini kile?"

"Kwaya ya Chura," Kobe akasema. "Chimba."

"Naangalia tu. Narudi sasa hivi."

Akainua mkia, twaa. Akatimua mbio, puru puru puru, huku anaimba, nanyi mnisaidie:

Naja, naja, ningojeni,
Mimi wenu, ningojeni.

Kule bwawani Chura akampokea. Kwaya ilikuwa na vyura watupu, ikahitaji sauti nzito. Akamvalisha joho. Ngiri akaimba nusu ya ubeti, akaona utamu. Kisha akamkumbuka Kobe. Akasema, "Jamani, narudi bustani mara moja." Mkia juu, puru puru puru.

Sasa nisikilizeni. Ngiri ana ugonjwa mmoja. Akishaanza kukimbia, katikati ya njia anasahau alikokuwa anakwenda. Anasimama. Anatazama huku, anatazama kule. Anajiuliza, hivi nilikuwa nakimbilia nini? Halafu anakimbilia chochote anachokiona saa hiyo.

Akaona siafu uwanjani. Kwata, kwata, kwata. Hao ndio waliokuwa skauti wa shule, na Siafu mkubwa anawaamrisha.

Naja, naja, ningojeni,
Mimi wenu, ningojeni.

Siafu akamfunga skafu shingoni, juu ya joho. "Skauti hatoki kwenye mstari," akamwambia.

"Sitoki hata iweje," Ngiri akasema. Akatoka. Alikwenda kwenye mdahalo wa Kasuku, ambako walikuwa wanabishana kipi bora, mvua au jua. Kasuku akampa beji, akamweka upande wa mvua. Ngiri akasema, "Ndugu mwenyekiti, mvua ni bora kwa sababu," na hiyo sababu mpaka leo haijapatikana, maana kengele ililia mahali na yeye akaondoka na mkia wake.

Ikawa hivyo muhula mzima. Joho halivui, skafu haivui, beji haitoi. Akipita kwenye korido utadhani kamba ya kuanikia nguo. Akikutana na njiwa anayeelekea kwao, anamtuma: "Mwambie mama niko klabu zote. Alete khanga."

Mama Tatu, unacheka nini? Wewe si uko kwenye kikundi cha harusi, kikundi cha mtaa, kikundi cha kanisani na kikundi cha mliosoma pamoja darasa la nne? Ukiulizwa wamekubaliana nini, unasema ulikuwa hujafungua simu. Tulia basi, hadithi itakufikia.

Kobe alibaki na bustani. Maji aliyabeba mdomoni, funda moja kwa safari. Kutoka kisimani mpaka kwenye matuta, kwa mwendo wa Kobe, funda lenyewe lilikuwa linafika vuguvugu. Darasani alimwambia mwenzake.

"Ngiri, maboga yameota."

"Ehee. Nakuja kesho."

"Ngiri, yametoa maua."

"Kesho, Kobe. Leo nina mazoezi."

"Ngiri, yamekuwa makubwa. Siku ya Wazazi siwezi kuyatoa peke yangu. Utakuja?"

"Kobe jamani. Mimi tena?"

Ilimuuma Kobe. Lakini Kobe akiumia anaingiza kichwa ndani, na Ngiri wakati huo alikuwa anatazama dirishani.

Siku ya Wazazi ikafika. Mama Ngiri alikuwa wa kwanza kuketi, benchi la mbele, doti ya khanga iko magotini. Akamwambia mama aliyeketi jirani yake, Mama Digidigi, "Wangu yuko klabu zote."

"Zote?"

"Zote. Leo nitachoka kuinuka."

Mwalimu Korongo akaita kwaya. Mama Ngiri akashika khanga, akainuka nusu.

Nyuma ya jengo, klabu zilikojipanga, Ngiri alikuja mbio, puru puru puru, joho limemzonga miguuni. Chura akamzuia. "Unakwenda wapi?"

"Kuimba."

"Wimbo unaujua?"

"Najua nusu ya ubeti."

"Basi hiyo nusu iimbie huko huko nje. Nafasi yako tuliijaza zamani."

Kwaya ikaimba, wazazi wakatunza. Mama Ngiri akatafuta kwa macho, mstari wa mbele, mstari wa nyuma. Akakaa.

Wakaitwa skauti. Mama akainuka nusu. Kule nyuma Siafu akamuuliza Ngiri, "Tunaanza na mguu upi?"

Ngiri akaitazama miguu yake yote. "Huu?"

"Toka."

Skauti wakapita, kwata, kwata, kwata. Mama akakaa. Ukaitwa mdahalo. Mama akainuka, safari hii kidogo tu.

"Mimi ni wa upande wa mvua," Ngiri akamwambia Kasuku.

"Mvua ilishashindwa, dada. Hakukuwa na wa kuitetea. Siku hizi tunajadili mambo mengine."

Mdahalo ukaanza, ukaisha. Mama akakaa. Mama Digidigi akatazama pembeni, kwa heshima. Ngiri aliona yote hayo kutoka kwenye kona ya jengo. Alijisikia vibaya. Hata mimi ninayesimulia namwonea huruma, ingawa alijitakia.

Mwalimu Korongo akasema, "Ya mwisho, klabu ya bustani."

Hakuna aliyetokea. Kisha kutoka nyuma ya jiko likatokea boga. Bingiri, bingiri. Linakuja lenyewe. Watu wakashangaa. Kumbe Kobe yuko nyuma yake, analisukuma kwa kipaji cha uso. Lilikuwa limemzidi kimo. Bingiri kidogo, anapumzika. Bingiri kidogo, anapumzika. Akifika penye kimwinuko linarudi nyuma na yeye linampeleka nalo. Wazazi wengine wakaanza kucheka.

Ngiri akamwona. Akasema, "Kobe wangu." Akainua mkia, twaa, akachomoka:

Naja, naja, ningojeni,
Mimi wenu, ningojeni.

Puru puru puru. Akafika katikati ya uwanja. Akasimama. Akatazama huku. Akatazama kule.

Ndiyo, Mkude. Alisahau.

Alisimama pale, mbele ya wazazi wote, anajiuliza hivi nilikuwa nakimbilia nini. Alipokumbuka, Kobe alikuwa ameshafika mwenyewe. Bingiri, tuu. Boga likatulia mbele ya meza ya mkuu wa shule.

Hapo Mama Ngiri akainuka, akainuka kabisa. Akaikata doti kwa jino, chwaa, vipande viwili. Kimoja akakirudisha kwenye mzigo, kimoja akakitandaza mikononi. Akashuka uwanjani.

Ngiri akamwona anakuja. Akaweka joho sawa. Akafumba macho, akashusha mabega, akangoja. Akasikia hatua za mama zinakuja. Akasikia harufu ya khanga inakaribia. Akasikia harufu ya khanga inapita.

Alipofumbua macho, mama yake alikuwa ameinama anamfunika Kobe. Khanga ilimmeza Kobe mzima, ikabaki pua tu. Vigelegele vikapigwa mpaka Mwalimu Korongo mwenyewe akarusha mguu.

Ngiri akasogea. "Mama, na mimi?"

Mama akamtazama. Joho. Skafu. Beji. Akamtazama polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyomchoma zaidi.

"Wewe umeshavaa, mwanangu," akasema. "Hata sioni pa kukufunga."

Akafunga mzigo wake, kipande cha pili kimo ndani, kimekunjwa vilevile. Akamkumbatia mtoto, maana mama ni mama, akashika njia.

Ngiri alilia. Akisha kulia, akavua joho, akalirudisha kwa Chura. Skafu akairudisha kwa Siafu. Beji kwa Kasuku. Akabaki Ngiri tu. Akaenda nyuma ya jiko. Alikwenda kwa kutembea, asije akasahau.

Kobe alikuwa kwenye matuta, khanga ameikunja pembeni isishike udongo.

"Kobe, nisamehe."

Kobe akajibu kitu, kule chini kwenye majani. Ngiri hakusikia. Ehee ikamjia mdomoni. Akaimeza. Akakunja miguu ya mbele, akapiga magoti, akasogeza sikio mpaka kwenye mdomo wa Kobe.

"Umesemaje?"

"Nimesema, chimba hapo. Tuta lako la pili hukulimaliza."

Ngiri akachimba palepale alipopiga magoti. Akashangaa. Shingo haikuuma. Na kila alichosema Kobe alikisikia, mbegu zinalala vipi, maji yanamwagwa wapi, jani gani linakatwa. Kule bwawani vyura wakaanza, kro, kro, kroooo. Mkia wa Ngiri ukatikisika kidogo. Magoti hayakuondoka.

Mnataka kujua mwaka uliofuata mama alikuja? Alikuja. Na kile kipande cha pili? Alikuwa nacho. Klabu ya bustani ilipoitwa yalitoka maboga, Kobe anaelekeza, Ngiri anasukuma, ana udongo puani na magoti yana sugu. Mama hakumaliza hata kuulizwa na Mama Digidigi. Alishafika uwanjani. Na khanga ilikaa vizuri, maana mabega yalikuwa wazi.

Ndiyo maana mpaka leo ngiri akichimba anapiga magoti. Na akikimbia bado anainua mkia, na katikati ya njia bado anasimama kushangaa. Ugonjwa ni ugonjwa, hatukusema alipona.

Watoto, mkienda sekondari mtaambiwa mchague klabu. Chagueni. Raha ya shule nusu yake iko huko. Ila ingia ile ambayo utakwenda hata siku wenzako wanapiga kelele upande wa pili. Ukiwa kila mahali kwa jina tu, wenzako wanazoea kufanya mambo bila wewe, na siku unayotaka kuonekana hakuna atakayekuwa amekuwekea nafasi.

Yangu mimi imeishia hapo, nyuma ya jiko, kwenye maboga. Atakayeisimulia kesho asisahau magoti.

Mama Tatu, simu yako inaita. Nadhani ni wale wa harusi.