Kivuli cha Pangaboi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama wagonjwa? Nyinyi watoto mmemaliza ugali wote ule, sauti mmeweka wapi? Na nyinyi wakubwa mlioegemea ukuta, msijifanye mmesinzia. Ya leo ni yenu zaidi. Tena. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tumeelewana.

Hapo kale, kale ile wanyama walipokuwa na mashamba yao na mwenyekiti wao, palikuwa na mteremko mmoja uitwao Mvumoni. Upepo wa Mvumoni haukuwa na adabu. Ulivuma asubuhi, ulivuma mchana, ukivuma jioni unavuma na vumbi. Basi ikifika siku za mavuno, kijiji kizima kilibeba mtama kwenda kupeta pale. Unainua ungo, unamwaga, fuuu, makapi yanakwenda zake, mtama unabaki.

Shamba la Mvumoni lilikuwa la Bi Kwale. Kwale mnamjua, ni ndege wa chini. Hajengi mtini. Anataga kwenye majani, anatotoa kwenye majani, anatembea na wanawe kwenye majani. Adui yake mkubwa ni Mwewe, na Mwewe hapigi hodi. Kinachotangulia ni kivuli chake. Kwa hiyo kila kifaranga wa Bi Kwale, kabla hajajua kudonoa vizuri, alifundishwa somo hilo moja.

"Kivuli kikipita?" mama anauliza.

"Chini," wanajibu.

"Mama akisema kwerrr?"

"Chini."

Kitinda mimba wao aliitwa Kidoti, kwa sababu ya doa jeupe alilokuwa nalo kichwani. Huyo alikuwa mbishi tangu yai.

"Na kama ni wingu, mama?"

"Chini."

"Na kama ni jani tu?"

"Kidoti, nimesema chini."

Basi wakaishi hivyo, wanakula, wanalala chini, wanainuka, wanakula.

Siku moja akaja mgeni. Aliitwa Bwana Korongo. Miguu mirefu, shingo ndefu, maneno laini. Alizunguka shamba la Bi Kwale, akainua bawa moja kuupima upepo, akatabasamu peke yake. Bi Kwale alimwona kutoka kwenye majani.

Mwenyekiti Ngiri akaitisha mkutano palepale, kwenye kiwanja cha kupetea. Korongo akasimama mbele.

"Ndugu zangu," akasema, "nataka kusimamisha mlingoti wa chuma hapa. Juu yake nitafunga pangaboi kubwa, lenye mapanga matatu. Upepo utalizungusha pangaboi. Pangaboi litazungusha jiwe la kusagia. Mtama wenu utasagika wenyewe, nyinyi mmekaa mnapiga soga."

Kisha Nungunungu akasimama, miiba imemsimama na yeye.

"Mimi nina swali," akasema. "Hilo dude likila upepo wote, sisi tutapetea nini?"

Eh, hapo mkutano ukachafuka. Tutapetea nini? Huyu anauliza, yule anauliza. Tutapetea nini? Tangu babu zao walipeta Mvumoni, na mtama usiopetwa ni chakula cha nani? Wakabishana mpaka jua likawa utosini. Wote waliogopa kitu kimoja tu, kwamba upepo utaliwa uishe.

Korongo hakukasirika. Alichukua jani la mhindi, akalikunja, akalichoma kijiti katikati, akalichomeka ardhini. Likazunguka, wiri wiri wiri.

"Bi Panya," akasema, "simama nyuma ya hiki kijidude upete."

Bi Panya akasimama nyuma yake na ungo. Akamwaga. Fuuu, makapi yakaruka kama kawaida. Kijiji kikacheka. Nungunungu mwenyewe akacheka, miiba ikalala. Kumbe upepo hauliwi.

"Kwisha," akasema Mwenyekiti Ngiri. "Nani mwingine ana hofu?"

Bi Kwale akainuka. Hakuzoea kusema mbele za watu.

"Mimi nauliza kivuli," akasema. "Hilo pangaboi likizunguka, kivuli chake kitaanguka wapi?"

"Bi Kwale, mambo ya upepo tumeyamaliza," akasema Ngiri.

"Sikuuliza upepo."

"Umeonyeshwa hapa na macho yako. Makapi yameruka, hayakuruka?"

"Yameruka. Lakini mimi nauliza kivuli. Na nauliza kama litalia. Wanangu wananisikia mimi kwa sauti tu. Kwa nini msiliweke kule juu kwenye majabali? Kule halimi mtu, na upepo ni huu huu."

Korongo akatazama majabali. "Kule ni mbali, mama. Kukokota chuma mpaka kule ni kazi. Na kivuli hakina meno."

Watu wakacheka tena. Bi Kwale akakaa.

Wakati wa kuondoka, Bi Panya akamfuata. Hawa wawili walikuwa mashoga wa siku nyingi, wakipeta pamoja, wakiazimana chumvi.

"Shoga yangu," akasema Bi Panya, "tazama viganja vyangu." Akavifungua. Vilikuwa malengelenge matupu, mengine yamepasuka, kwa kusaga na jiwe tangu usichana. "Umeviona? Basi usituharibie. Nakuomba."

Bi Kwale alivitazama vile viganja. Alitaka kusema, na wanangu je? Lakini vilikuwa vinatoa maji.

"Sawa," akasema.

Kufika kwake, akawaita watoto. "Kivuli kikipita?" "Chini." Akauliza tena. Akauliza tena. Kidoti akasema, "Mama, tumeshajua." Na yeye akauliza tena.

Tembo akakokota chuma. Mlingoti ukasimama, pangaboi likafungwa. Upepo ukalikamata.

Vuuu. Vuuu. Vuuu.

Jiwe likasaga. Unga ukamwagika mweupe, laini, hauna mchanga. Watu wakala ugali wakasahau kulala. Viganja vya Bi Panya vikapona. Korongo akashukuriwa, akaaga, akaruka zake. Mimi simlaumu Bi Panya, na wewe usimlaumu. Aliyekwisha kusaga na jiwe ndiye anayejua.

Lakini Mvumoni kulikuwaje?

Jua likipanda kidogo, kivuli cha mapanga kilianguka katikati ya shamba. Panga la kwanza likapita. Vifaranga chini. Wakainuka, la pili likapita. Chini. Wakainuka, la tatu likapita. Chini. Punje moja hawajameza. Vuuu, chini. Vuuu, chini. Kutwa nzima. Bi Kwale akajaribu kuwapeleka upande wa pili wa shamba. Jua likahama, kivuli kikawafuata.

Watoto wakaanza kukonda. Shingo zikawa nyembamba, macho yakawa makubwa. Kidoti akawa anainuka akiyumba. Bi Kwale akamwendea Mwenyekiti.

"Watazoea," akasema Ngiri, mdomo umejaa ugali.

Bi Kwale akarudi. Akawatazama wanawe wamelala chini kwa njaa na woga. Basi ikabidi afanye jambo ambalo hakuna kwale aliyewahi kulifanya. Alisimama katikati ya kile kivuli, akawaambia, "Hiki si Mwewe. Hiki ni cha pangaboi. Inukeni mle."

Hawakuinuka. Walidhani anawajaribu.

"Inukeni," akasema tena. "Mama amesema."

Wakainuka mmoja mmoja, wakala. Panga likapita, wakatetemeka, wakala. Siku zilizofuata hawakutetemeka tena. Wakanenepa. Kidoti ndiye aliyefurahi kuliko wote.

"Si nilisema, mama? Vingine ni vivuli tu."

Tangu hapo Bi Kwale hakula vizuri. Shingo yake ilikuwa juu muda wote, anatazama angani, anatazama chini, anatazama angani. Watoto walikula, yeye aliwalinda. Akisinzia kidogo anashtuka.

Mwewe naye ana macho. Alikaa mbali juu ya mti mkavu, akatazama. Akaona watoto wa Kwale hawakimbii kivuli. Akatazama tena ahakikishe.

Mchana mmoja, jua kali, pangaboi linakwenda. Vuuu, kivuli. Vuuu, kivuli. Bi Kwale akainua macho, akaona kitu angani ambacho hakikuwa panga.

"Kwerrr!"

Vuuu, likasema pangaboi.

"Kwerrr! Chini!"

Vuuu.

Waliokuwa karibu naye walimsikia, wakalala. Kidoti alikuwa mbali kidogo, punje yake mdomoni. Kivuli kikampita. Hakuinua hata kichwa, maana mama alikuwa amemwambia asiogope.

Ikabaki ile punje.

Nyamazeni kidogo, watoto. Najua. Na mimi naona uchungu.

Desturi ya kijiji kile mnaijua, ndiyo hii hii yetu. Mwenzako akifiwa, unakwenda. Huleti udhuru. Unatandika mkeka uwanjani kwake, unakaa naye. Basi wakaja wote Mvumoni. Mwenyekiti Ngiri, Nungunungu, Bi Panya na unga wa matanga kichwani.

"Pole, Bi Kwale."

"Tumeshapoa."

Wakakaa mkekani. Kumbe tangu pangaboi lisimame, hakuna aliyekuwa amekaa chini yake. Walikuja, wakachukua unga, wakaondoka. Leo wamekaa.

Vuuu, kivuli kikapita mkekani. Bi Panya akaruka, maana Mwewe hata panya anakula. Akakaa. Vuuu. Akaruka tena. Nungunungu akaanza neno la pole, vuuu, likapotea, akaanza upya, vuuu. Ngiri akafumba macho, akayafumbua, akashika kichwa. Haukupita muda, akajikohoza.

"Bi Kwale, mimi nimeacha moto jikoni."

"Kaa, Mwenyekiti," akasema Bi Kwale. Alisema polepole. "Matanga hayaondolewi siku ya kwanza."

Ngiri akakaa. Kivuli kikapita, kikapita, kikapita.

"Bi Panya," akasema Bi Kwale, "katika vivuli hivi vinavyokupita, kipi ni cha Mwewe?"

Bi Panya akatazama chini. Akatazama. Akaanza kulia.

"Sijui, shoga yangu. Sijui."

"Na mimi niliwaambia wanangu wasikiogope," akasema Bi Kwale. "Kwa mdomo wangu. Ili wale."

Vuuu, kivuli kikapita tena. Hatimaye Ngiri akainuka, na safari hii hakutaja moto.

"Uliuliza kivuli," akasema. "Sisi tukakujibu upepo."

Akaenda kwenye mlingoti, akaanza kuchimba udongo wa chini yake kwa pembe zake. Bi Panya akafuata, akafukua kwa viganja vyake vile vilivyopona. Nungunungu akafuata. Tembo akaitwa. Wakalilaza lile dude, wakalikokota mpaka kule juu kwenye majabali, wanahema, wanateleza, wanainuka. Malengelenge ya Bi Panya yakarudi yote. Hakulalamika.

Kule juu pangaboi likasimama, likavuma kama kawaida, jiwe likasaga, unga ukamwagika. Kila kitu kikawa kama Korongo alivyoahidi. Kazi ya kulikokota ilimalizika kabla matanga hayajaondolewa.

Waliobaki Bi Kwale aliwafundisha upya, na wao wakawafundisha wana wao. Ndiyo maana mpaka leo ukipita shambani na kivuli chako kikamgusa kwale, anajibana chini. Likipita wingu, chini. Likipita jani, chini. Msimcheke.

Funzo langu silifichi, na nyinyi mlioegemea ukuta ndio nawaambia. Jambo likija kwa faida ya wote, aulizwe kwanza yule atakayeishi chini yake, na ajibiwe swali lake yeye, si la jirani yake.

Hadithi yangu naitua hapa. Nani ataniletea maji?