Bibi Dorkasi na Wazee wa Hekima Tupu

Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana leo nina wazee wa kuwasema.

Hapo zamani za kale, Amerika ikiwa bado misitu na vijiji, palikuwa na kijiji cha baridi kali. Wazee wake walivaa nywele za bandia. Upara chini, manyoya ya farasi juu! Na hao ndio waliojiita wenye akili.

Hapo aliishi Bibi Dorkasi. Aliletwa na meli akiwa mtoto, akauzwa kama mbuzi. Akafua, akapika, akazeeka. Lakini alijifunza kusoma, akatunga mashairi, na mashairi yake yakaimbwa nyumba hadi nyumba.

Wazee wakanuna. "Mtumwa atunge? Kaiba huyu!"

Wakamwita barazani athibitishe kuwa anatunga mwenyewe. Mkubwa wao, Mzee Hezekia, alikaa mbele, tumbo limemfika magotini. Kando yake moto, vuu! vuu! Na karibu na moto, mashairi yote ya Bibi Dorkasi.

"Ukishindwa tunayachoma," akasema. "Na kalamu hutashika tena."

Bibi Dorkasi akaghani shairi.

"Umekariri!"

Akaghani jingine.

"Umebahatisha!"

"Basi nipeni nyinyi jambo la kutungia, wazee wangu."

Na mpumbavu akiambiwa achague, huchagua nini? Hujichagua mwenyewe! Mzee Hezekia akajikohoza, koh! koh!

"Tusifu sisi."

Bibi Dorkasi aliutazama moto, akaogopa kweli. Kisha akaghani:

*Wazee wetu wa mji, vichwani hekima tupu,*
*Maneno yao ni maji, yajaza kila kikapu.*

Lo! Wazee wakavimba kama vyura. "Hekima tupu! Mmesikia?" Wakatoka nje mbio, wakakiita kijiji kizima, wakaapa: "Shairi hili ni la Dorkasi, na kila neno lake ni kweli!" Hezekia mwenyewe akaliimba, kwa sauti yake ile ya fisi.

Mama mmoja mwenye ndoo akauliza, "Maji? Kwenye kikapu?"

Jirani yake akadakia, "Na hiyo tupu, ni tupu ya namna gani?"

Kwa! kwa! kwa! Kijiji kikaangua kicheko.

Hezekia akabwata, "Hakulitunga yeye!"

"Mmeapa!" watu wakamjibu.

"Si kweli hata kidogo!"

"Mmeapa! Kila neno!"

Mashairi hayakuchomwa. Bibi Dorkasi aliyakumbatia kifuani, akarudi kuwafulia nguo watu walewale. Hilo linaniuma mpaka leo, siwafichi. Lakini kalamu aliishika hadi mwisho wake, na watoto wa kijiji walijifunza kutunga magotini pake.

Basi, mwenye kuomba sifa asimwombe mtu ambaye yeye mwenyewe ametoka kumtukana.

Hadithi yangu inakomea hapa. Na msiniulize kama mzee yule aliitwa Hezekia kweli. Jina hilo nimempa mimi, kwa huruma tu. Kwao walimwita Kikapu, na kwa jina hilo wakamzika.