Jembe la Siku ya Tatu

Mmeniambia nitoe hadithi, basi natoa. Anayeogopa asogee kwa mama yake.

Bi Mize, mjane, alianza bustani uani kwake. Kila aliposhusha jembe lilipiga mwamba: ngo, ngo, ngo. Chini ya mwamba sauti ikasema, "Hodi."

Naye, kwa mazoea, akajibu, "Karibu."

Likatoka zimwi. Mgeni uliyemkaribisha humfukuzi.

Siku ya kwanza likamaliza chungu cha mihogo. Siku ya pili likamaliza kuku wote, hata manyoya. Siku ya tatu likamkodolea macho yeye.

"Bibi, leo sioni chakula ila wewe."

Bi Mize akalishikisha jembe. "Umekula siku mbili. Mgeni siku ya tatu hulima."

Zimwi likalitupa jembe, jembe likarudi mkononi mwake. Likalitupa tena, likarudi. Mara ya tatu jembe likagandia kiganjani. Zimwi likainama likinguruma, likapasua mwamba, likachimba mpaka udongo mweusi ukafumka, nalo likazama humo humo, likilima.

Mchicha wa Bi Mize sasa unafika kiunoni. Lakini kwake ukibisha hodi, huitikiwi mpaka useme unakaa siku ngapi.