Kakakuona na Simbi za Gulio la Ilambo

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Walioketi mbele wapo?"

"Tupo!"

"Na waliojibanza nyuma?"

"Tupo na masikio yetu!"

Haya, tulieni. Leo sina mjanja aliyeiba, wala mlafi aliyenasa mtegoni. Leo nina mtu wa kujivunia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na gulio lao mahali paitwapo Ilambo, kando ya ziwa. Kila siku ya tano walikutana. Pofu, yule swala mkubwa kupita wote, alileta chumvi aliyoikwangua bondeni. Tumbili alileta ndizi. Mhanga, bingwa wa kuchimba, alileta vyungu vya udongo. Nyegere alileta asali. Na fedha yao ilikuwa simbi, vile vigamba vidogo vyeupe vitokavyo baharini, mbali kabisa. Ukiuza, wapokea simbi. Ukinunua, watoa simbi.

Mfalme wao alikuwa Kiboko. Akipiga miayo, ziwa zima lilitikisika.

Basi gulioni hapo alikuwamo Kakakuona, binti mpole, mwenye magamba mgongoni na mwendo wa taratibu. Hakuuza kitu. Kazi yake ilikuwa kupita mkeka kwa mkeka akiuliza maneno matatu: "Umeleta nini? Unataka nini? Na hicho ukikikosa, utachukua nini?"

Akijibiwa alishukuru, akaenda mkeka wa pili. Akauliza tena. Akaenda mkeka wa tatu. Akauliza tena. Miaka saba alifanya hivyo, na majibu yote akayaweka kichwani.

Wenzake walimcheka. "Mtazameni," Tumbili alisema, "anapima upepo kwa kibaba!"

Baba yake aliona haya. Jioni moja akamwita. "Mwanangu, wenzako wanachimba mchwa. Wewe unachimba maneno. Maneno yanaliwa?"

"Nivumilie, baba," alijibu Kakakuona. "Bei ya chumvi imeshikana na bei ya asali, na ya asali imeshikana na ya vyungu, kama ukindu wa mkeka. Ukivuta mmoja, zote zinasogea. Mimi nataka kujua zinatulia wapi."

Baba akatikisa kichwa, akarudi kwenye mchwa wake.

Mwaka ule mvua ikanyesha isivyo kawaida. Bonde la chumvi likajaa maji. Pofu akawa anarudi na kifuko kidogo badala ya gunia. Chumvi iliyokuwa simbi nne ikawa simbi tisa.

Kiboko alipenda chumvi kupita kiasi. Akatoka majini amefura. "Kuanzia leo chumvi ni simbi moja! Atakayezidisha nitamkanyaga!"

Wanyama wakashangilia. Kakakuona peke yake akasogea mbele. "Mfalme, usifanye hivyo. Ukiishusha chumvi kwa nguvu, itajificha."

"Tangu lini chumvi ikawa na miguu?" Kiboko alicheka. Na gulio zima likacheka naye.

Siku hiyo chumvi iliisha kabla jua halijapanda. Gulio la pili Pofu hakuonekana. Gulio la tatu Pofu hakuonekana. Walipomfuata kwake, aliwaambia, "Nizame matopeni hadi shingoni kwa simbi moja? Heri nilale."

Chumvi ikawa simbi moja, lakini haikuwepo.

Kiboko akaona aibu, ila hakukubali kushindwa. "Nimejua kosa," akasema. "Wanyama wangu ni maskini. Simbi ni chache." Akafuta ile amri ya kwanza, akamtuma Korongo pwani. Korongo na ukoo wake wakaruka, wakarudi na simbi magunia kumi na mawili. Kila mnyama akagawiwa fungu kubwa. Ngoma zikalia. "Tumetajirika! Tumetajirika!"

Kakakuona akasogea tena. "Mfalme, simbi zimeongezeka. Ndizi je, zimeongezeka? Vyungu je?" Kisha akawaimbia:

"Simbi, simbi, hailiwi,
Simbi, simbi, hainywewi,
Thamani yake kwa nani?
Kwa jirani, kwa jirani!"

"Mtoeni huyu, ana wivu," alisema Kiboko.

Wakamtoa. Alikaa nje ya gulio, macho yakimlowa, na aliyoyaogopa yakatokea. Kila mmoja alikuwa na simbi nyingi, na kila mmoja alitaka ndizi zilezile. Mkungu wa simbi mbili ukawa simbi ishirini. Ukawa simbi mia. Gulio lililofuata ukawa kapu zima la simbi.

Aliyeumia zaidi alikuwa Bibi Kobe. Miaka arobaini alikuwa akiweka simbi moja moja katika chungu, ziwe mikono na miguu yake uzeeni. Siku hiyo alikikokota chungu chake hadi kwa Tumbili.

"Bibi," alisema Tumbili kwa masikitiko, "hizi hazitoshi ndizi tatu."

Bibi Kobe aliingiza kichwa ndani ya gamba, na watu wakamsikia akilia humo ndani. Kakakuona alimshika, akamrudisha nyumbani. Njia nzima moyo ulimchoma: alijua, akasema, na hakusikilizwa.

Kiboko sasa akapandwa na hasira za kweli. "Simbi ndizo mchawi! Zitupeni zote ziwani! Kuanzia leo ni kitu kwa kitu!"

Zikatiwa magunia, zikatupwa zote. Bibi Kobe tu alikataa. Alikilalia chungu chake, na hakuna aliyethubutu kumwinua.

Gulio likafika. Tumbili akaenda na ndizi kwa Mhanga: "Nipe chungu."

"Ndizi sili," alisema Mhanga. "Mimi nataka asali." Mhanga akaenda kwa Nyegere.

"Vyungu ninavyo," alisema Nyegere. "Mimi nataka chumvi." Nyegere akaenda kwa Pofu.

"Asali ya nini kwangu? Nataka ndizi," alisema Pofu. Pofu akaenda kwa Tumbili.

"Chumvi sitaki. Nataka chungu!"

Wakazunguka hivyo mpaka jua likatua. Kila mmoja akarudi nyumbani na kile alichokuja nacho, na njaa juu yake. Gulio la pili hivyo hivyo. La tatu wakaanza kupigana.

Hapo ndipo Kiboko alipomwita Kakakuona. Alizungumza kwa sauti ndogo. "Binti, mara mbili ulisema, mara mbili ikawa. Sema tena. Lakini ukikosea leo, nitakukanyaga mbele ya watu hawa."

Kakakuona aliogopa, ila hakujikunja. Alisimama.

"Fanyeni duara. Pofu, simama hapa. Tumbili, hapa. Mhanga, hapa. Nyegere, hapa. Sasa, wote kwa pamoja, mpe wa kushoto kwako!"

Chumvi ikaenda kwa Nyegere. Asali ikaenda kwa Mhanga. Chungu kikaenda kwa Tumbili. Ndizi zikaenda kwa Pofu. Kufumba na kufumbua, wote wanne wana walichokitaka! Gulio likapiga vigelegele.

"Msishangilie bado," alisema Kakakuona. "Hawa ni wanne. Keshokutwa mtakuwa arobaini, na mimi nitashindwa kuwapanga. Simbi ndiyo iliyokuwa ikiwapanga bila kelele. Mfalme, zama ukazitoe. Lakini leta magunia matatu tu, kama zamani. Yale kumi na mawili yaache chini, na uape kwamba hakuna atakayeyagusa."

Mfalme kutumwa na mla mchwa! Kiboko akageuka, akazama. Akaibuka na gunia la kwanza. Akaibuka na la pili. Akaibuka na la tatu. Akaapa. Naye Kakakuona akamgawia kila mmoja kadiri alivyokuwa nazo mwanzo, akihesabu kwa yale aliyoyaweka kichwani, bila kukosea hata moja, na Bibi Kobe akabaki na chungu chake.

Gulio likafika. Mikeka ikatandikwa, lakini hakuna aliyenunua. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Nani apokee simbi, asije akabaki nazo kama vigae?

Bibi Kobe akavuta chungu chake, akatoa simbi mbili. "Tumbili, mjukuu wangu, nipe mkungu."

Tumbili akakuna kichwa. "Bibi, na mimi nani atazipokea?"

"Mimi," alisema Mhanga.

"Na wewe nani atazipokea kwako?"

"Mimi," alisema Nyegere.

"Na wewe je?"

"Nitazipokea mimi," alisema Pofu, "ilmradi mniache niuze chumvi kwa bei yake."

Tumbili akanyoosha mkono. Akapokea.

Siku hiyo chumvi ilikuwa simbi nane. Pofu aliona faida, akawaita ndugu zake, wakaingia matopeni wote. Gulio lililofuata ikawa sita. Lililofuata ikawa tano, na hapo ikatulia, maana waliokuja na chumvi walirudi bila chumvi, na waliokuja kuitafuta walirudi nayo. Kakakuona alipita mkeka kwa mkeka. Hapakuwa na kilichobaki, wala aliyelia. Akasimama katikati ya gulio, akahisi kifua kikimpanuka chini ya magamba. Miaka saba! Palikuwapo mahali pa kutulia, na yeye alikuwa amepaona.

Kiboko akasema mbele ya wote, "Binti, kuanzia leo wewe ndiwe mpanga bei wa Ilambo."

"Hapana, mfalme," alijibu. "Bei inapangwa na wote hawa, kila mmoja kwa haja yake na kwa alicholeta. Kazi yangu ni kutazama, na kuwaambia ninachokiona. Hiyo inanitosha."

Kiboko akainamisha kichwa chake kikubwa mpaka pua ikagusa vumbi. Wanyama wote wakainamisha vyao.

Na yule baba? Alipita gulioni pua juu, akimsimamisha kila mpita njia, hata asiyemjua. "Unamwona yule? Yule mwenye magamba, anayeuliza-uliza? Basi mimi ndiye niliyemzaa!"

Basi, watoto wangu, ngano hii yatufundisha kwamba fedha haina nguvu yake yenyewe. Nguvu yake ni jasho la watu na imani ya mtu kwa jirani yake. Tena yatufundisha kwamba anayeuliza kwa subira asichekwe, kwani huenda analolitafuta ndilo litakalotulisha sote.

Mzigo wangu nimeutua hapa. Ukiwa mtamu, ubebeni mwende nao kwenu. Ukiwa mchungu, niachieni niutafune mwenyewe.