Nani Alikilainisha Chuma cha Mzee Kilua?

Sikilizeni, lakini msimwamini yeyote kabla sijamaliza. Nami pia mnipime.

Katika karakana ya Mzee Kilua, Korogwe, walikuwapo mafundi watatu. Semboja alijua moto: rangi ya chuma ilimwambia kimefikia joto gani. Mwanahawa alijua visu vya kukatia chuma, na alivinoa mwenyewe. Mhina alijua mwendo wa mashine ya kukereza kwa kuusikiliza mlio wake tu.

Kiwanda cha mkonge kikaleta pande moja la chuma cha aloi, gumu mno, lichongwe shafti, mhimili wa kuzungusha mashine zao. Kisu cha kwanza kikavunjika. Cha pili nacho kikavunjika. Mzee, aliyekuwa akistaafu, akatamka mbele ya wote: "Atakayefanya chuma hiki kikatike, mashine hii ya kukereza ni yake."

Kesho yake Semboja akakielekezea chuma miali ya gesi, kikizunguka mashineni, mpaka kikageuka buluu. Kisu kikapita bila kugoma. Kabla ya adhuhuri shafti ilikuwa tayari.

"Mashine ni yangu," akasema Semboja. "Joto limekilainisha."

"Taratibu, kaka," akasema Mwanahawa. "Kisu cha leo si cha jana. Asubuhi nimefunga kigumu zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Ili unishukuru, au ili udai ni wazo lako?"

Mhina akacheka. "Mwendo nao nimeupunguza nusu. Jana mlikikimbiza chuma kama mnafukuza mwizi."

Sasa, desturi ya karakana ile ilikuwa wazi: katika kila jaribio hubadilishwa jambo moja tu, nalo huandikwa ukutani kwa chaki kabla mashine haijawashwa. Mzee akautazama ukuta. Palikuwa na neno moja, "joto", kwa mwandiko wa Semboja. Ila hakuna aliyemwona akiliandika, na vidole vyake vilikuwa bado vyeupe kwa chaki. Kisu kigumu kilikuwa mashineni, lakini Mwanahawa ndiye aliyebaki karibu nacho tangu kazi iishe. Mkono wa kubadilishia mwendo ulisimama kwenye nusu, lakini Mhina alikuwa ameuegemea.

"Turudie," akasema Mzee, "moja baada ya jingine."

"Turudie na chuma kipi, Baba?" akauliza Mwanahawa. "Pande lilikuwa moja."

Mzee angali ameushika ufunguo wa mashine. Je, wewe ungemkabidhi nani mashine ile, na kwa ushahidi upi?