Kibuyu cha Nyamizi

Sogeeni karibu. Mwenye njaa avumilie, maana hadithi yangu inaanzia tumboni.

Palikuwa na mama mmoja, Nyamizi, na watoto wake watatu wakubwa. Mbula alikuwa na masikio makali. Masanja alikuwa na miguu isiyochoka. Ngolo alikuwa na subira, na masikini hakuwa na kingine cha kujivunia. Nyumba nzima iligandisha maziwa katika kibuyu kimoja alichokirithi Nyamizi kwa mama yake. Kibuyu hicho hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Kilisuuzwa, kikafukizwa moshi, basi.

Siku moja wakwe wa Masanja walitarajiwa. Ngolo akaonea aibu harufu yake ya moshi, akakisugua kibuyu kwa sabuni na maji ya moto. Sabuni ikaondoa chachu yote ya zamani, na tangu hapo maziwa hayakuganda tena, yaliharibika tu. Nyamizi, aliyezoea mtindi tangu utoto, akafunga choo, tumbo likajaa, usingizi ukampotea, kisha akili. Akawa anatoroka kwenda kisimani akisema anaitwa. Wanawe wakamfungia chumbani kwa komeo la nje, huku wanalia.

"Nifungulieni," alisihi kwenye ufa wa mlango. "Humu nimefungiwa pamoja na mtu, na mtu mwenyewe ni mimi."

Mbula akaingia, akaweka sikio tumboni kwa mama. Kimya. "Tunahangaika na kichwa bure," akasema. "Huku tumboni ndiko kulikofunga kwanza." Asingesikia, wangekuwa wanatafuta dawa ya wazimu hadi leo.

Masanja akatembea siku tatu hadi kwa mama mdogo, akaomba mtindi wa kugandishia. Akarudi nao nyumbani ameukumbatia kifuani, miguu ina malengelenge. Asingefika, kibuyu kingebaki pambo la ukutani.

Ngolo akakaa sakafuni na kijiko, siku arobaini. Mama akamtemea usoni.

"Tema, mama, lakini kimoja umeze."

Asingevumilia, mtindi ungeishia kwenye kijiko.

Tumbo likanguruma. Nyamizi akalala usingizi wa kweli, akaamka, akauliza, "Nani kaweka komeo nje ya mlango wangu?" 

Sasa sikieni desturi ya kwao. Mama aliyeponea chupuchupu humkabidhi mtoto mmoja kibuyu siku ya saba baada ya kupona, na huyo ndiye huishi naye. Wengine huhama. Mbula anakitaka. Masanja anakitaka. Ngolo anakitaka kuliko wote, na kosa lake amelikiri kwa machozi.

"Nikimpa mmoja, wawili nimewafukuza," Nyamizi akasema, akazunguka na neno hilo siku nne nzima.

Siku ya tano mtindi ulimkwama kooni. Usingizi haukuja. Mbula akaweka sikio tumboni, akakuta kimya kama mwanzo, akainuka, akalitazama komeo.

Zimebaki siku mbili. Je, wewe ungeamua vipi, kibuyu apewe nani? Jibu upesi, mwenzangu, maana mama anakungoja, na mlango ule bado haujang'olewa komeo.