Doa Dogo Kwenye Bolti

Mwiba ni kitu kidogo. Mtu huchomwa akienda mtoni, akasema, "Ah, utatoka wenyewe," akaendelea na safari yake. Lakini mwiba hauna haraka. Hukaa mwilini kimya, na siku mguu unapovimba ndipo mwenyewe anapoanza kuulizia sindano. Ndiyo maana wahenga wakasema: mdharau mwiba, mguu huota tende. Wangechi aliyasoma maneno hayo kwenye ubao wa ngumbaru, darasa la watu wazima, akayanakili kwa mwandiko mzuri, akapigiwa makofi. Kuyaelewa kulimchukua muda mrefu zaidi.

Wangechi alikuwa mke wa Muriithi, askari wa wanyamapori katika kituo kimoja ukingoni mwa msitu, juu ya mji wa Nyeri. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Sheria ya kituo ilikuwa kwamba bunduki zifungiwe sandukuni, lakini bolti, kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kulivuta ganda lake nje, kila askari alale nayo nyumbani. Mwizi akipata kimoja asipate vyote. Bolti ya Muriithi ilikaa katika mkebe wa majani chai, imeviringishwa kitambaa chenye mafuta, iking'aa kama maji ya mto Chania asubuhi.

Mwezi wa Julai, ukungu ulipoushukia msitu usitake kuondoka, Muriithi aliitwa Kerugoya kumuuguza mama yake. Akapewa ruhusa ya wiki tatu.

"Mama Wacera, nakuachia watoto wawili," alisema akifunga viatu.

"Wawili? Mimi namwona Wacera peke yake."

"Na huyu wa mkebe. Huyu halii, ndiyo sababu ni rahisi kumsahau." Kisha akaacha mzaha. "Mkaguzi anakuja mwezi wa nane. Akiikuta safi, tepe ya koplo ni yangu. Na koplo hupewa ile nyumba ya mawe."

Wangechi alimtazama mtoto mgongoni. Nyumba yao ya mbao ilivuja kama kikapu, na kifua cha Wacera kilikoroma usiku kucha. Nyumba ya mawe! Akaupokea mkebe kwa mikono miwili.

Kwa kuwa mkewe sasa alijua kusoma, Muriithi alimwachia barua: *Futa kila jioni kwa mafuta ya chupa. Usiguse kwa mkono mtupu. Ukiona doa, hata dogo, peleka Nyeri kwa fundi, Mzee Huseni, siku hiyo hiyo.* Ilikuwa barua ya kwanza ambayo Wangechi aliisoma bila kufuatisha kidole. Akaibandika ukutani kwa uji wa unga, kama picha.

Siku ya tano Wacera, aliyekuwa ameanza kutambaa, aliikumba chupa. Sakafu ya udongo ikayanywa mafuta yote kabla mama mtu hajasema "Yesu!" Kituoni mafuta yalikuwepo, lakini Wangechi aliona haya. Watasema mke wa Muriithi hawezi kutunza hata chupa. Ndipo alipokumbuka kibuyu cha mafuta ya kondoo, yaliyochuruzika kutoka kwenye nyama ya kuchoma siku shemeji yake alipobatizwa. Kwao mafuta ya kondoo yalikuwa dawa ya kila kitu: ngozi ya mtoto, kifua, hata mshipi. Yatashindwaje na chuma? Alichosahau ni kwamba nyama ile ilikuwa imepakwa chumvi tele.

Jioni ya tatu aliona doa. Lilikuwa dogo kama kiroboto, rangi ya chai ya rangi, chini ya ule ukucha wa chuma unaovuta ganda la risasi. Alitazama barua ukutani. Alitazama ukungu nje. Kufika Nyeri ni saa mbili kwa miguu, na mtoto anakohoa.

Asubuhi jirani yake Watiri alipoonyeshwa, alicheka mpaka akashika kiuno. "Ati utembee mpaka Nyeri kwa sababu ya kiroboto? Sugua na jivu, mama. Mimi sufuria zangu zote nasugua na jivu. Umewahi kuona hata moja imeoza?"

Wangechi akasugua. Bolti ikang'aa kuliko mwanzo, naye akacheka pia. Tangu siku hiyo akawa anasugua pale mkono unapofika, na kupaka mafuta yale yale. Chini ya ukucha hakutazama tena. Jicho hupenda panapong'aa.

Muriithi alirudi siku mbili kabla ya ukaguzi. Akafungua mkebe, akapiga mluzi. "Huyu mtoto amenawiri kuliko mimi!" Wangechi akainama kuchochea moto, macho yao yasikutane.

Hazikupita dakika kumi filimbi ikalia kituoni. Nyati aliyejeruhiwa alikuwa ameingia mashambani. Muriithi akatia bolti mfukoni, akashika kofia. Wangechi akaiona ile barua ukutani. Akinyamaza, huenda tepe ikaja. Akinyamaza, huenda mume asirudi.

"Baba Wacera, usiende nayo!"

Akamweleza yote, chupa, kondoo, jivu na kiroboto, machozi yakimtiririka. Muriithi aliitoa bolti mfukoni, akaiviringisha tena kitambaa. Alikwenda kituoni akatoa taarifa, nyati akafuatwa na mwenzake Gatimu, na yeye na mkewe wakashika njia ya Nyeri, hatua kumi kati yao.

Mzee Huseni, fundi wa bunduki karibu na msikiti, aliigeuza bolti mwangani. Akautia ukucha ncha ya bisibisi, akausukuma taratibu. Tk! Ukavunjika kama biskuti. Chini yake palikuwa pekundu kwa kutu, pameliwa mashimo.

"Ingepiga risasi moja," alisema. "Ganda lingebaki ndani, ya pili isiingie. Na nyati, binti yangu, hamngoji fundi." Kisha akamwona Wangechi alivyojikunyata, sauti ikalegea. "Ungekuja siku ile ya doa, ningelifuta kwa tone moja la mafuta, na chai ningekupa."

Siku ya ukaguzi Muriithi alisimama mstarini na bunduki isiyo na bolti. Tepe ikaenda kwa Gatimu, na nyumba ya mawe pia. Wangechi alimtazama mke wa Gatimu akiingiza kitanda mlango ule aliokuwa ameuota, naye akarudi kwake kutega sufuria chini ya matone.

"Si ungenigombeza tu, Baba Wacera," alisema jioni ile.

"Niligombana na wewe moyoni kutoka Nyeri mpaka mlango wa kituo. Hapo nikakumbuka kwamba bila neno lako ningekuwa nimeletwa kwa machela."

Bolti mpya ilipokuja, Muriithi alimkabidhi mkebe ule ule, na chupa mpya ya mafuta akaitundika juu, mbali na mikono ya Wacera. Wangechi akachukua penseli yake ya ngumbaru. Chini ya mistari mitatu ya mumewe akaongeza wa nne, polepole, kwa mwandiko wake mzuri, na safari hii hakuunakili kutoka ubao wowote: mdharau mwiba, mguu huota tende.